Jina la Leso Halina Mwenyewe

Tangu mwaka jana nauza mtandaoni picha ninazochora mwenyewe, na mnunuzi wangu hapokei karatasi wala fremu. Akishalipa anapata faili. Analipakua, anakwenda nalo kwenye duka la uchapishaji lililo karibu naye, au analichapa nyumbani kama ana printa nzuri, kisha anatafuta fremu na msumari. Mimi hapa Mombasa sigusi karatasi. Biashara za namna hii zimejaa siku hizi, na ukitafuta maelekezo ya kuianzisha utayapata mpaka uchoke: namna ya kupanga bei, namna ya kuonyesha picha ikiwa ukutani, maneno gani watu huyatafuta. Sitayarudia. Nataka kuandika juu ya jambo ambalo maelekezo hayo hayaligusi, na kwa maoni yangu ni la kifasihi kuliko la kibiashara: ukiuza maneno yakatundikwa ukutani, siku moja mtu atauliza nani kayasema.

Picha zangu ni za leso. Kwingine wanaziita kanga, sisi huku bado tunasema leso. Kila leso ina sehemu tatu, na kila mwanamke wa pwani anazijua hata kama hajawahi kuzitaja kwa majina: kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji wa katikati, na kuna jina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwa herufi kubwa upande wa chini wa mji. Mimi huchora leso ambazo hazijawahi kuwa kitambaa. Pindo huwa la korosho au la vinundu, mji nautilia kitu kimoja kikubwa, birika, kinu, jahazi, halafu jina. Kuchora najua, kwa sababu miaka saba nilifanya kazi ya kadi za harusi na mabango katika duka la uchapishaji. Majina sijui kutunga. Majina ni ya shangazi yangu.

Kabla sijafika kwa shangazi, niseme kidogo kwa nini niliona leso inafaa kuwa faili. Mombasa tuna duka la leso linalohesabu umri wake tangu 1887, la Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla, na ndiyo maana mpaka leo pembeni mwa leso zake utaona pameandikwa Mali ya Abdulla. Inasimuliwa kwamba ni yeye aliyeanza kutia maneno kwenye leso, mapema katika karne ya 20. Mwanzo maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi za Kilatini. Kitambaa chenyewe kimechapwa Ulaya, kimechapwa India, kimechapwa Japani, na baadaye katika viwanda vya Afrika Mashariki. Kwa hiyo hii sanaa tunayoiita ya kwetu imekuwa ya kuchapwa kwa maelfu tangu zamani. Hakuna leso moja ya kwanza iliyofungiwa kwenye jumba la makumbusho, nyingine zote zikawa nakala zake. Zote ni nakala, na hakuna mwanamke aliyewahi kulia kwamba yake si ya asili. Mtu akiniambia kwamba picha ya faili haina thamani kwa kuwa inaweza kurudiwa mara elfu, namwuliza kama aliwahi kumwambia hivyo mamake akiwa amejifunga leso.

Faili lina faida nyingine za kawaida kabisa. Kusafirisha fremu yenye kioo kwenda nje ya nchi kunagharimu kuliko picha yenyewe, na kioo kinaweza kufika vipande. Ukichapa nyingi uziweke ndani, unyevu wa huku unazikunja kabla hujauza hata tatu. Na kuchapa kunataka mtaji, mimi mtaji sikuwa nao. Nilikuwa na tableti ya mkono wa pili, namba ya M-Pesa kwa wateja wa hapa nchini, na akaunti ya PayPal ambayo pesa zake, hapa Kenya, unaweza kuzitoa kwenda M-Pesa. Duka likaanza.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye vipimo. Karatasi zetu ni za jamii ya A: A4 ni milimita 210 kwa 297, A3 ni mara mbili yake, na umbo halibadiliki, kwa hiyo mchoro wa A3 ukipunguzwa unakaa sawasawa kwenye A4. Ili uchapike safi unataka nukta 300 kwa kila inchi, na kwa A3 hiyo ni pikseli 3508 kwa 4961. Hapo ni sawa. Lakini fremu za Marekani zinakwenda kwa inchi, 8 kwa 10, 11 kwa 14, 18 kwa 24, na kila moja ina umbo lake. Anayechora maua ndani ya chombo anaweza kukata pembeni kidogo, nani atajua? Leso haikatwi. Ukikata pembeni umekata pindo, na leso isiyo na pindo kamili ni tambara. Ukiivuta ili itoshe, korosho za juu zinanenepa na za ubavuni zinakonda. Kwa hiyo kila picha pindo nalichora upya mara nne, kwa vipimo vinne, na mteja anapata mafaili manne kwa bei moja. Kitu kilichonifurahisha ni kwamba leso yenyewe, ambayo ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, haiko mbali sana na umbo la fremu ya inchi 24 kwa 36 ukiilaza. Ni kama aliyekata fremu ile alikuwa na shangazi wa Mombasa.

Rangi nazo zina mambo yake. Nyekundu ya leso kwenye skrini inawaka kwa sababu skrini ni taa. Karatasini inapoa, inakuwa kama nyekundu iliyofuliwa mara ishirini. Kila picha mpya huipeleka kwenye maduka matatu tofauti ya mjini, naichapa, nazilinganisha, narudi kurekebisha. Hayo ndiyo mambo ya mikono, na mikono ikizoea huyafanya bila kelele. Maneno ndiyo hayakuzoeleka.

Shangazi yangu ametunga majina ya leso kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakuna aliyemwajiri. Wanawake walikuwa wakija kwake na habari zao: huyu ana harusi ya bintiye na anataka sare ya kina mama, huyu mke mwenzake anampitia dirishani akiimba, huyu ameachwa na anataka mtaa ujue kwamba halii. Shangazi anasikiliza, anamimina chai, halafu anatoa mistari miwili yenye mizani minane minane kana kwamba ilikuwa imekaa chini ya ulimi. Mwanamke anakwenda nayo kwa mfanyabiashara. Mfanyabiashara akiipenda anaichapa, na miezi michache baadaye unaikuta mji mzima, Likoni mpaka Kisauni. Malipo yake yalikuwa doti moja ya ile leso, tena pale walipokumbuka. Mfanyabiashara mmoja alichapa majina yake yasiyopungua kumi na hakuwahi kumwuliza anaitwa nani.

Mfano wa kazi yake, huu nauuza mimi na kila mwezi ndio unaoongoza:

Kuni nimekata mimi, moshi wakuumizaje?

Hesabu mizani mwenyewe. Nane, nane. Halafu angalia kilichofanyika humo: hakuna tusi, hakuna jina la mtu, hakuna hata habari yenyewe. Kuna kuni na moshi. Lakini yeyote aliyewahi kusemwa na majirani kwa jambo alilolitolea jasho lake anaelewa mpaka mwisho. Nimesoma mashairi marefu yaliyosema machache kuliko haya.

Sasa leso ikiwa mwilini, maneno yake yana kazi maalumu. Mwanamke akipita amejifunga hiyo, hakuna anayeuliza nani katunga. Swali la mtaa ni moja tu: kamwambia nani? Naye akiulizwa ana njia ya kutokea. “Mimi? Mimi nimependa rangi tu.” Amesema na hakusema. Ukimshtaki unajishtaki mwenyewe, maana umekubali kwamba moshi ulikuumiza.

Ukutani mambo yanageuka. Picha haipiti njiani, imekaa. Mteja wangu mmoja wa Nairobi aliitundika hiyo ya kuni sebuleni, juu ya kochi. Mama mkwe akaja kutembea. Akaisoma, akanyamaza, chai ikapoa mkononi. Yule mteja aliniandikia WhatsApp jioni ile kwamba picha imehamia jikoni, na huko imepata maana nzuri zaidi. Nilicheka, lakini nilijifunza: kwenye ukuta, kila anayeingia anadhani anaambiwa yeye, na hakuna mtu wa kusema amependa rangi tu.

Halafu likaja lile swali jingine. Kwenye mwili watu huuliza kamwambia nani. Kwenye fremu wanauliza nani kasema. Tumezoea hivyo, maneno yaliyotiwa kwenye fremu huwa na jina chini. Wateja wakaanza kuniuliza. Wengine hawakuuliza, wakajijibu: nilikuta mtu ameweka picha yangu kwenye stetasi yake na chini ameandika “methali ya Kiafrika ya kale.” Ya kale! Maneno ya mwanamke aliye hai, anayekaa Kisauni, anayelalamika juu ya bei ya unga kama wewe na mimi. Hapo ndipo niliposema haiwezekani, lazima jina lake liwekwe. Karne nzima ya majina ya leso, na sisi tunaopenda fasihi ya Kiswahili tunaweza kutaja watungaji wangapi? Muyaka tunamjua, alifariki 1840 na bado tunamjua. Wanawake waliotunga mistari ambayo nusu ya pwani imeivaa hatuwajui.

Nikaenda kwa shangazi na tableti.

“Wataka kuniandika wapi?” akauliza.

“Hapa chini kabisa, shangazi. Herufi ndogo. Maneno ya fulani binti fulani.”

Akaiangalia muda. “Sasa mtu akiitundika hii, asema yeye ama nasema mimi?”

“Unasema wewe. Yeye amekubaliana nawe.”

“Basi huyo kaninunua mimi, hakununua jina. Jina la leso likiwa na mwenyewe, nani atalivaa?”

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamtajia Mwana Kupona, ambaye utendi wake wa 1858 aliutunga kwa ajili ya bintiye, maneno ya ndani ya nyumba kabisa, na leo jina lake linasomwa vyuo vikuu. Nikamwambia watunzi wa tenzi wengi walijitaja ndani ya tungo zao wenyewe, si aibu, ni desturi yetu.

Shangazi hakubishana na hilo. Alichosema ni kitu ambacho sikukitarajia. “Mwana Kupona alimwandikia mwanawe. Mimi nimewatungia watu. Hiyo ya kuni nimeitunga mwaka gani? Ukiweka jina langu, watu wa mtaa wataanza kuhesabu vidole. Mwaka ule nani alikuwa akija kwangu? Aligombana na nani? Mmoja wao yuko hai, na yule mwenzake yuko hai, na wajukuu wao wameoana. Mimi nafungua mdomo sasa hivi, kwa sababu ya herufi ndogo?”

Nilikaa kimya. Mimi nilidhani kutojulikana kwake ni dhuluma tupu, na sehemu yake ni dhuluma kweli: yule aliyechapa majina kumi alipata faida, shangazi akapata doti. Lakini sehemu nyingine ilikuwa ni ahadi. Wale wanawake walimletea siri, akazigeuza kuni na moshi ili zipite barabarani bila kutambulika. Jina lake chini ya maneno lingekuwa kama ufunguo ulioachwa mlangoni.

Tukakubaliana hivi. Kila faili linalouzwa, nusu ni yake. Bei ni shilingi 500 kwa wa hapa na dola 6 kwa wa nje, na nusu hiyo naituma kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Majina matatu aliyakataza kabisa, wenyewe bado ni wabichi. Kwenye picha hakuna jina la mtunzi. Lakini pamoja na mafaili manne, mteja anapata la tano, ukurasa mmoja unaosema: Maneno haya yametungwa Mombasa na mwanamke aliye hai. Si methali. Huo mstari tumeupigania wawili, mimi nikitaka zaidi, yeye akitaka pungufu, na nadhani ni mstari wa kweli kuliko mingine yote niliyowahi kuandika.

Miezi minne baadaye nikaikuta ile ya kuni kwenye vikombe. Kibanda kimoja sokoni, vikombe vyeupe, pindo langu la korosho limebanwa likawa kama mnyororo, maneno ya shangazi katikati. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya 2001, inaulinda mchoro hata kama hukuusajili popote, na ulinzi wake unakwenda mpaka miaka 50 baada ya kufa kwako. Najua hivyo. Nikamwambia mwenye kibanda, akasema ameipata WhatsApp, na kitu cha WhatsApp ni cha watu wote. Pindo aliahidi kulitoa. Maneno akabaki nayo, na mstari mmoja wa maneno ni mgumu kuupigania. Nikanunua kikombe kimoja nikampelekea shangazi, nikiwa na hasira za watu wawili, zangu na zake.

Akakigeuza kwenye mwanga. Alikuwa anatabasamu.

“Kumbe bado latembea,” akasema.

Sikubaliani naye. Nataka niliseme hili wazi, maana mtu akisoma hapa anaweza kudhani mzee kashinda na kijana kaelimika. Kikombe kile kiliuzwa shilingi 350 na yeye hakupata hata kumi. Kutembea kwa maneno hakulipi dawa za presha. Wakati huohuo siwezi kukana kwamba yeye anapima mafanikio kwa kipimo ambacho mimi sina: jina la leso limefanikiwa pale linapotoka midomoni mwa watu ambao hawajui lilikotoka. Kwa kipimo hicho, yule mwizi wa vikombe ni msomaji wake.

Mteja wa mwisho nitakayemtaja ni mwanamke wa Muscat. Mamake alizaliwa Unguja, akahamia Oman akiwa msichana, akafia huko mwanzoni mwa mwaka huu. Alinunua picha yenye jina fupi kuliko yote tuliyo nayo: Dua ya mama ni paa. Siku mbili baadaye akaniandikia kwa Kiswahili cha zamani kilichonifanya nikae vizuri. Aliomba ruhusa ya kitu kimoja. Alitaka chini ya maneno yale liandikwe jina la mamake, na miaka yake, kana kwamba ni yeye aliyeyasema. Masharti ya duka yanasema faili lisibadilishwe. Na mimi, ambaye nilitaka kuliona jina la shangazi pale pale, nafasi ileile, nilisoma ujumbe ule mara kadhaa. Mtu ambaye hakutunga aandikwe, aliyetunga asiandikwe?

Nikampigia shangazi nikamsomea.

“Mchoree,” akasema bila kufikiri. “Hilo sasa limepata wa kulivaa. Na usimtoze.”

Nilichora. Nilimtoza? Hapana. Herufi ndogo, chini kabisa, jina la mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga Kisauni. Picha iko Muscat, kwenye ukuta ambao sitauona. Wajukuu watakua wakijua kwamba bibi yao alisema maneno yale, na sijui kama niite huo uongo. Bibi yao huenda aliyasema kwa namna nyingine kila siku ya maisha yake.

Duka linakwenda polepole. Mwezi uliopita tuliuza mafaili kumi na saba, ya hapa na ya nje, na nusu ya shangazi ilitosha dawa na mkoba mdogo wa unga. Nikimtumia pesa, haulizi ni ngapi. Anauliza ni lipi lililouzwa na limekwenda wapi, na nikimtajia Kigali au Toronto anarudia jina la mji mara mbili.

Kuna jambo moja alilonikubalia, baada ya bintiye kumwambia kwamba akifa watu watadai hakuwahi kuwepo. Nimenunua daftari la kurasa 200, lenye jalada gumu. Kila Ijumaa baada ya alasiri nakwenda, yeye anataja, mimi naandika kwa kalamu: jina la leso, mwaka aliloutunga kama anaukumbuka, alimtungia nani, na kwa nini. Mpaka sasa ni majina 83. Ukurasa wa kwanza ameandika jina lake lote kwa mkono wake, la babake na la babuye. Daftari linakaa kwake, ndani ya sanduku la leso, na sharti lake ni kwamba halipigwi picha.